Uoni, uziwi au ulemavu wa akili: fani ipi ya ualimu wa elimu maalumu ikufae?

Anayejaza fomu ya kwenda Chuo cha Ualimu Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu pale Tengeru mkoani Arusha, hukutana mapema na swali ambalo ndugu na jamaa hawawezi kumsaidia kulijibu: fani gani? Uoni, uziwi, au ulemavu wa akili pamoja na usonji? Wengi hufuata rafiki aliyetangulia, au huulizia fani “yenye nafasi”. Wengine huchagua kwa huruma: aliwahi kumwona mtoto asiyeona akipapasa ukuta kutafuta mlango, moyo ukamwuma, basi. Huruma si kitu kibaya, ila haivuki mwaka wa pili kazini. Ikishapoa, inayobaki ni kazi yenyewe ya kila siku, na kazi za fani hizi tatu hazifanani kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usijiulize unamwonea nani uchungu zaidi. Jiulize ni kazi ipi unaweza kuifanya saa sita kwa siku, miaka mingi, bila kuichukia.

Nitazipima fani zote tatu kwa vigezo vilevile: ujuzi mgumu utakaoanza nao, siku ya darasani inavyokwenda, mahali unapoweza kupangiwa, uhusiano na wazazi, namna ya kujua kama umefundisha, na milango inayofunguka baadaye. Mshahara sijauweka kwenye orodha kwa sababu hautenganishi fani. Serikalini unalipwa kwa kiwango cha elimu: kwenye ngazi za mishahara ya walimu (TGTS), astashahada huanzia TGTS B, stashahada TGTS C, shahada TGTS D. Mwenye stashahada ya uziwi na mwenye stashahada ya uoni huanzia mahali pamoja. Anayekuambia fani fulani “inalipa” muulize vizuri, huenda anazungumzia kazi za pembeni, nazo nitazigusa.

Ujuzi wa kuanza nao

Katika uoni, mlima wa kwanza ni nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole (Braille). Seli moja, yaani nafasi ya herufi moja, ina nukta sita, na nukta hizo hutoa michanganyiko 63. Herufi m ni nukta ya 1, 3 na 4. Herufi a ni nukta ya 1 peke yake. Neno “mama” basi ni 134, 1, 134, 1. Wiki za mwanzo utakuwa unahesabu kichwani kila herufi, kisha polepole vidole vinazoea. Mashine ya Perkins, ya kuchapia nukta nundu, ina vibonye sita vya nukta, na unabonyeza vyote vya herufi moja kwa mpigo mmoja. Bamba na kalamu yake ya chuma ni vya bei nafuu lakini vinatesa: unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi unaiandika kinyume, ili karatasi ikigeuzwa isomeke inavyotakiwa. Baada ya herufi kuna ufupisho wa maneno, halafu alama za hisabati. Ni kazi ya kukaa chini na kukariri. Uzuri wake ni kwamba ina mwisho: ukishaimudu, umeimudu.

Lugha ya alama haina mwisho huo, kwa kuwa ni lugha kamili. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na sehemu ya sarufi hiyo iko usoni. Nyusi, macho, mdomo na mwelekeo wa mabega vyote vinabeba maana, hivyo anayeona haya kukunja uso mbele ya watu atapata shida kuliko asiye na kumbukumbu nzuri. Kisha kuna tofauti za shule na shule. Alama uliyoizoea Dar es Salaam unaweza kuifikisha Tabora wanafunzi wakaangaliana na kucheka. Nayo ya Kenya ni lugha nyingine, usidhani utavuka mpaka nayo tu. Chuo kinakupa msingi wa kufundishia. Kuelewa watoto wanachotaniana wakati wa mapumziko utajifunza kwao wenyewe, na kwa muda mrefu wao ndio watakuwa wajuzi na wewe mwanafunzi.

Katika ulemavu wa akili hakuna msimbo wala lugha mpya, na ndiyo maana wengi hudhani ni njia ya mkato. Ujuzi wake ni kugawa jambo dogo katika vipande vidogo zaidi, kisha kuamua uanze na kipande kipi. Chukua kufunga vifungo vya shati. Mwalimu mzoefu hufunga vyote mwenyewe na kumwachia mtoto kile cha mwisho tu, tena akiwa ameshakiingiza nusu kwenye tundu. Mtoto akikivuta, kazi imekamilika na amekamilisha yeye. Akikizoea hicho, anaachiwa viwili. Kwenye karatasi ni somo jepesi. Kwa vitendo linaweza kuchukua muhula mzima, na mwalimu lazima kila siku aonekane kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Ongeza hapo huduma ya kwanza ya kifafa, kusoma dalili za mtoto anayekaribia kulipuka, na kuandaa mpango binafsi wa elimu kwa kila mwanafunzi.

Siku ya darasani

Mwalimu wa wasioona hufanya kazi kubwa kabla hajaingia darasani. Zoezi la maswali kumi linaandikwa kwa nukta nundu jioni, na mchoro wa pembetatu unatengenezwa kwa uzi na gundi ili uguswe. Ukiingia, mdomo wako ndio ubao. “Angalia hapa” haina maana. Unasema “upande wa kulia wa karatasi, chini ya mstari wa pili”. Mashine zinagonga, moja imekwama, na fundi wake hayupo mtaani kwenu. Kuna pia masomo ya nje: kutembea kwa fimbo nyeupe, kujua kona ya jiko kwa harufu na mlango wa bweni kwa mwangwi.

Lipo jambo ambalo wanaochagua fani hii mara nyingi hawalitegemei. Si wanafunzi wote watakuwa wasioona kabisa. Kwa nchi yetu, sehemu kubwa ya darasa inaweza kuwa ya wenye uoni hafifu, hasa watoto wenye ualbino, na wengi wao wanasoma maandishi ya kawaida yakikuzwa. Hao wanahitaji kukaa karibu na ubao, kuupa mgongo mwanga wa dirisha, kupata lenzi, na kofia wakitoka nje. Kumfundisha mtoto wa namna hiyo nukta nundu kwa sababu tu yuko shule ya wasioona ni kumpunguzia dunia. Mwalimu mzuri wa uoni anajua vyote viwili na anajua nani anahitaji kipi.

Darasa la viziwi, kinyume na wanavyodhani watu, halina utulivu wa maktaba. Miguu inapigwa sakafuni kumwita mwenzake, madawati yanagongwa, vicheko vinatoka kwa sauti ambayo mwenyewe haisikii. Wanakaa nusu duara ili kila mmoja aone mikono ya wote. Huwezi kuandika ubaoni huku ukieleza. Unaandika, unageuka, unahakikisha macho yako kwako, ndipo unaeleza. Jioni mabega yanauma. Lakini kazi inayokula muda kuliko zote ni kusoma na kuandika Kiswahili. Mtoto aliyeishi kwenye alama anaandika “jana mimi shamba kwenda”, na wewe una kazi ya kumwonyesha kwamba “nilikwenda” imebeba mtendaji na wakati ndani ya neno moja, viambishi ambavyo hajawahi kuvisikia vikitamkwa. Mwenye kupenda sarufi atafurahia. Asiyeipenda atachoka nayo.

Siku ya kitengo cha ulemavu wa akili, yaani darasa maalumu ambalo mara nyingi liko ndani ya shule ya kawaida, huanza chooni na kwenye bomba la maji, si ubaoni. Wanafunzi wanaweza kuwa wanane, wa umri kuanzia miaka saba hadi kumi na saba, na kila mmoja yuko hatua yake. Mmoja anajifunza kushika kijiko, mwingine anahesabu chenji ya mia tano, mwingine mwenye usonji amegoma kuingia kwa sababu kiti chake kimehamishwa. Kuna anayependa geti na atalifuata kila likiwa wazi. Palipo na mhudumu msaidizi kazi inawezekana; pasipo na mhudumu, mwalimu anafundisha kwa jicho moja na jingine liko mlangoni. Kimwili ndiyo fani inayochosha kuliko nyingine. Pia ndiyo yenye kicheko kingi, ingawa hilo halisemwi mara nyingi.

Utapangiwa wapi

Hapa tofauti ni kubwa, na wenye familia walitazame kwa makini.

Shule za wasioona ni chache na nyingi ni za bweni. Buigiri, wilayani Chamwino, imekuwepo tangu 1950. Ipo Furaha ya Tabora, ipo Irente kule Lushoto. Ziko pia shule za mchanganyiko kama Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam. Ukichagua uoni, jiandae kwamba kituo chako kinaweza kuwa mkoa usio wenu, na kwamba bweni litakuletea zamu za usiku na za Jumapili.

Viziwi nao wana shule zao zinazojulikana: Tabora iliyoanza 1963, Buguruni jijini Dar es Salaam, Mwanga mkoani Kilimanjaro, na nyinginezo, pamoja na vitengo kwenye shule za kawaida. Uhuru wa kuchagua kituo ni mkubwa kidogo kuliko wa uoni.

Vitengo vya ulemavu wa akili ndivyo vilivyotapakaa zaidi, kwa kuwa vingi vimewekwa ndani ya shule za msingi za kutwa. Anayetaka kubaki karibu na mume, mke au mzazi mgonjwa ana nafasi nzuri zaidi hapa. Gharama yake ni upweke. Shule ya walimu ishirini na watano inaweza kuwa na mmoja au wawili wa kitengo, na mwalimu mkuu asiyeelewa kazi yenu atakuona huna vipindi, kwa nini usisaidie darasa la nne?

Na kabla hujafurahia fani yako, jua kwamba kwenye kitengo cha wilayani watoto hawaji wamepangwa kwa fani. Mtaalamu wa uziwi atapokea mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kwa sababu hapana mwingine wa kumpokea. Chagua fani ukijua nyingine mbili utazigusa.

Wazazi

Mzazi wa mtoto asiyeona kwa kawaida anaelewa haraka tatizo ni nini. Ugumu wake ni kumwachia mtoto afanye mambo mwenyewe. Nyumbani analishwa, anavishwa, anashikwa mkono hadi chooni. Likizo moja inaweza kufuta mazoezi ya muhula.

Kwa viziwi, tatizo ni mazungumzo. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wa wazazi hao hawajui alama zaidi ya njoo, kula na kulala. Mtoto anarudi bweni baada ya likizo akiwa hajaongea na mtu kwa mwezi mzima. Ukiwa na moyo wa kuwafundisha wazazi Jumamosi, utafanya jambo kubwa kuliko masomo yako ya wiki.

Katika ulemavu wa akili, utaulizwa swali ambalo chuo hakikuandalii jibu lake: “Mwalimu, huyu atapona lini?” Mama ameshapita hospitali, ameshapita kwa waombaji, pengine na kwa mganga, na sasa anakuuliza wewe kwa heshima zote, amekaa ukingoni mwa benchi, mkoba mapajani. Kumwambia ukweli bila kumvunja, kisha kumwonyesha kitu kimoja ambacho mtoto anaweza kujifunza mwezi huu, ni nusu ya kazi. Asiyependa mazungumzo ya namna hii na atafute fani nyingine.

Utajuaje kwamba umefundisha

Wasioona na viziwi hufuata mtaala wa kawaida kwa marekebisho na hukaa mtihani wa darasa la saba. Baraza la Mitihani hutoa karatasi za nukta nundu na zenye maandishi yaliyokuzwa, na watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Una kipimo, basi, ingawa hakitendi haki kwa wote sawa: asiyeona aliyefundishwa vizuri hushindana vyema kwenye lugha na maarifa ya jamii, wakati kiziwi anapimwa kwa Kiswahili cha maandishi ambacho kwake ni lugha ya pili. Ukiwa mtu wa kupenda kuona majina ubaoni ya waliofaulu, uoni utakupa furaha hiyo mapema zaidi.

Ulemavu wa akili hauna ubao huo. Matokeo yako ni kijana anayekwenda dukani akarudi na chenji sahihi, au msichana aliyejua kutumia pedi bila kusaidiwa. Ofisa akija kukagua na fomu ya ufaulu, hutakuwa na cha kumwonyesha isipokuwa kumbukumbu ulizoandika mwenyewe. Wapo walimu wanaoona hiyo ni nafuu. Wapo wanaojihisi hawajafanya kitu.

Milango ya baadaye

Kwa kazi za pembeni, lugha ya alama inaongoza. Wakalimani wanahitajika mahakamani, hospitalini, kwenye mikutano, makanisani na kwenye taarifa ya habari ya televisheni. Lakini ukalimani ni taaluma nyingine, haiji yenyewe kwa kuwa mwalimu wa viziwi. Wanaoumudu ni waliokaa na viziwi nje ya darasa.

Uoni una soko dogo na la kudumu: kunukuu vitabu na mitihani kwa nukta nundu, na siku hizi kufundisha matumizi ya simu na kompyuta zinazosoma kwa sauti. Programu kama NVDA, inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini ya kompyuta, inapatikana bure, na mwalimu anayeijua ana thamani hata nje ya shule.

Ulemavu wa akili, hasa usonji, una wazazi wa mijini wanaotafuta mwalimu wa kuja nyumbani na vituo binafsi vinavyoajiri. Nje ya miji mikubwa mlango huo ni mwembamba.

Kielimu fani zote zinafika mbali. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu Huria vina shahada za elimu maalumu, na kwa msomaji wa Kenya, KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya iliyoko Kasarani, Nairobi, imekuwa ikiandaa walimu hawa tangu 1986.

Kwa hali yako

Kama umetoka kidato cha nne au cha sita na hujawahi kufundisha, usichague kabla ya kwenda kukaa siku nzima katika shule ya kila fani. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kaa nyuma, angalia hasa ile saa baada ya chakula cha mchana walimu wakiwa wamechoka. Saa hiyo inasema mengi kuliko kipeperushi cha chuo.

Kama tayari ni mwalimu wa shule ya kawaida na unataka kubaki kituoni kwako, angalia kitengo kilichopo au kinachoweza kuanzishwa hapo. Mara nyingi kitakuwa cha ulemavu wa akili. Ongea kwanza na ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri, maana kuna walimu waliosoma uoni wakarudi kwenye shule isiyo na mtoto hata mmoja asiyeona, na leo wanafundisha Uraia.

Kama wewe ni mtu wa maneno, mwenye subira na vitu vidogo vya mezani na usiyejali kuhama mkoa, uoni unakufaa. Kama mwili wako unazungumza kabla ya mdomo, unapenda lugha na huoni aibu kusahihishwa na watoto, nenda uziwi. Kama hukinai kurudia, huoni kinyaa kwa mambo ya choo, na unaweza kufurahi mtoto aliyekuwa hakukutazama machoni akikutazama, ulemavu wa akili una kazi nyingi inayokusubiri.

Kama wewe mwenyewe una ulemavu, usikubali kuambiwa kwamba fani imeshachaguliwa na hali yako. Asiyeona anasoma nukta nundu kwa vidole kwa wepesi ambao walimu wenzake wanaoona hawaupati, na kiziwi anawapa wanafunzi alama za mtu aliyekulia ndani ya lugha. Hizo ni faida za kweli. Lakini wapo wasioona wanaofundisha Historia shule za kawaida na hawataki kusikia habari za kitengo.

Na kama unachotafuta ni ajira tu, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huorodhesha walimu wa elimu maalumu kwa daraja: III A (astashahada), III B (stashahada) au III C (shahada). Nafasi za fani hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tangazo la mwaka huu lisikuchagulie. Likitoka lingine wewe bado uko darasani mwaka wa pili.